Nirushie Linki: Net ya Mbogi ya Naitiri

Bando ya saa moja haina huruma. Unainunua saa tatu usiku ukijua leo utasoma kitu ya maana, unaingia TikTok dakika mbili tu ucheki nani amerusha nini, ukishtuka meseji imeingia: bando imeisha. Umeona msee akiteleza kwa tope, umeona pasta na mganga wakivutana mashati, umeona dame akifundisha watu kupika chapo yenye hata mathe wako angeicheka. Doo imeenda, kichwa iko tupu venye ilikuwa.

Mbogi yetu hapa Naitiri ilikaa hapo nje ya kinyozi penye tunakutananga jioni, tukakubaliana kitu moja: ukipata saiti ama podikasti imekubamba, usiikalie. Rusha. Ju ile mashine ya TikTok inakuletea kenye kinapiga kelele, na haijui kama Naitiri iko Bungoma ama iko Brazil. Ya maana unaipata kwa msee mwenzako mwenye ashaionja.

Mimi nikirushiwa linki, nacheki vitu mbili. Kwanza, itafunguka kwa simu yangu? Hiyo simu kioo imepasuka, memori imejaa picha za harusi za watu, na ukitoka sokoni kidogo kuelekea shambani mtandao unashuka hadi ile alama ya E. Saiti ya mapicha makubwa na matangazo ya kurukaruka, hiyo nishaitupa. Halafu naangalia kama inajua tuko. Yaani iko na kitu inamhusu msee mwenye mahindi iko mbele yake na nyuma yake, anaongea Lubukusu na kukhu (nyanya yake), Sheng na bakoki wa rika yake, na Kiswahili sanifu akiwa na odijo peke yake?

Naanza na podikasti, ju hiyo kitu ni kama walitengenezea watu wa shamba na hawakujua. Video inataka macho, na macho yako wakati wa palizi iko kwa jembe, usije ukakata mahindi ya mzae ukakosa pa kulala. Sikio nalo halina kazi. Ukiingia kwa mistari asubuhi hadi saa saba, hizo ni masaa mob za kuskiza mtu akiongea akili. Hata bei ya data iko upande wetu. Podikasti ya saa moja ni kama MB 30 ikiwa imebanwa, ama MB 60 hivi ikiwa sauti safi. Hiyo saa moja ukiicheki kama video, hata ukishusha picha ikae ya ukungu, inakula mara kadhaa ya hiyo.

Apu yenye natumia ni AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo, haikuulizi namba ya simu wala jina ya mamako. Unaiambia ishushe vipindi ukiwa kwa WiFi peke yake, baadaye net hata ikizima, vipindi viko ndani ya simu. Nikiwa na shughuli Kitale natafuta penye kuna WiFi, naagiza chai na mandazi moja yenye naikula polepole kabisa, simu inajaza. Nikipanda gari ya kurudi kupitia Kiminini nishabeba wiki mzima.

Sasa kama utaskiza kitu moja tu kwa hizi zote, skiza Until Everyone Is Free. Jina ni ya Kizungu lakini usiogope, ndani ni Sheng. Na si ile Sheng ya matangazo ya soda yenye mtu wa ofisi ameandikiwa. Ni Sheng ya Mathare, ya Stoneface Bombaa, mwanaharakati wa huko, akishirikiana na mwandishi April Zhu. Wanapiga story ya Pio Gama Pinto.

Pinto ni nani? Si unaona. Shuleni tulikariri Jomo, tukakariri Oginga na Mboya, huyu tukamruka. Alizaliwa Nairobi 1927, familia ya Wagoa, wale watu wa pwani ya India wenye Mreno alikuwa amewatawala. Akasomea India, akarudi, akaingia mambo ya magazeti na vyama vya wafanyakazi, na chini ya maji akawa anasaidia Mau Mau. 1954 mkoloni akamdaka, akampeleka Manda, kile kisiwa kiko karibu na Lamu, halafu akazuiliwa Kabarnet hadi 1959. Uhuru ikaja, akawa mbunge. Wenzake walikuwa wanagawana mashamba yenye masetla wanaacha. Yeye akawa anauliza mbona ardhi inaenda kwa mifuko ya wachache na watu walimwaga damu ju yake. Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, akiwa kwa gari na binti yake mdogo hapo kwa geti ya kwake Westlands, akapigwa risasi. Hakuwa amefikisha miaka 38. Msee anaitwa Kisilu Mutua akafungwa kwa hiyo kesi, akatoka 2001, na siku zote alisema si yeye. Wenye walituma mtu na bunduki hawajawahi simama mbele ya jaji.

Unaeza uliza, story ya Westlands inatuhusu nini huku? Buda, sisi tunaishi kwa skimu. Uliza mzee yeyote wa Naitiri, Ndalu ama Tongaren, atakutajia namba ya ploti kabla akutajie jina ya bibi yake. Hizi zilikuwa mashamba za masetla, zikakatwa miaka ya sitini, watu wakapewa kwa mkopo wa serikali, na mkopo wenyewe uliacha wengine wakikosa usingizi. Nani alipata eka ngapi, nani aliachwa nje, nani alikuja baadaye na karatasi, hiyo ndiyo story ya kila matanga hapa kwetu. Kwa hivyo Pinto akiuliza swali yake 1964, anatuuliza sisi. Niliskiza story yake nikipukuchua mahindi na nikasahau kama mikono inauma. Kitu ya historia yenye inaongea lugha ya base, bila mtu kukupigia kelele uandike noti, sikuwa nimeiona. Hapo ndipo nilijua Sheng inaeza beba mzigo mzito, si kukatia tu madame na kutaja nganya.

Zingine napita nazo mbio. Nipe Story ya Kevin Mwachiro ni hadithi fupi za waandishi wa Afrika, zinasomwa kwa sauti. Nyingi ni Kizungu, lakini ni ile ya kutulia, poa sana stima ikipotea. Legally Clueless ya Adelle Onyango imekuwa hewani tangu 2019, na iko na sehemu yenye watu wa kawaida wanajisimulia maisha yao. Hiyo sehemu ndiyo mimi hufuata. Sistangu anasema nakosa utamu, ati zile za Adelle kuongea mwenyewe ndizo zenyewe. Sawa. Iko Nini ya Mwafreeka ni ya wenye wanataka kucheka, Sheng mwanzo mwisho, vipindi virefu hadi unaeza maliza kufua nguo za nyumba nzima. Ukitaka Kiswahili chenye kinateleza, vuka mpaka uskize Salama Na, ya Salama Jabir wa Tanzania. Anauliza swali moja fupi, ananyamaza, na mgeni anajikuta ameongea vitu hakuwa amepanga. Watangazaji wetu wenye wanajibu maswali zao wenyewe waende darasa. Na kama uko na kabroo ka kidato cha pili kanapenda drama, DW Kiswahili walikuwa na Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, michezo ya redio ya vijana. Ni ya kitambo kiasi, lakini ni bure.

Ukiskia neno ikupite, na itakupita ju Sheng ya Nairobi inabadilika kabla basi ifike Webuye, kuna kamusi ya Go Sheng kwa net. Unaandika neno, unapewa maana. Sisi tunaitumianga kubishana, ju kuna maneno wanaeleza venye Eastlands wanaongea, na huku Bungoma tuna zetu. Shujaaz nao walianza kuchora vibonzo vya Sheng 2010, na yule mhusika wao DJ Boyie mwenye anateka mawimbi ya FM akiwa chumba chake. 2012 walichukua tuzo ya kimataifa ya Emmy. Vibonzo vya Sheng, vyenye vilikuwa vinagawiwa bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa! Mwenye anasemanga Sheng haina kazi aje tuongee.

Sasa kukhu. Kukhu yangu hana haja na podikasti, ana redio yake na betri zake. Lakini kuna saiti moja ilimleta karibu na simu: African Storybook. Walianza 2014 huko Johannesburg, wakiweka hadithi za watoto kwa lugha za Afrika, bure, na ruhusa ya kushusha, kuchapisha na hata kuzitafsiri wewe mwenyewe. Kuna Lubukusu. Nilifungua moja jioni, nikaanza kusomea watoto wa bro kwa ile Lubukusu yangu ya kukwamakwama, kukhu akaacha kuchagua maharagwe. "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema aliyeandika huyo ametoka upande mwingine wa mto, sisi hatusemi hivyo. Kutoka hapo kazi ikageuka: mimi nasoma, yeye anasahihisha, watoto wanacheka wote wawili. Utamu ni kwamba hiyo saiti haikufungii nje. Kama kukhu anajua kusema vizuri kushinda kitabu, unaandika ya kwenu unaweka hapo hapo. Kuna dada yake pia, Storybooks Kenya, yenye imechagua hadithi 40 na kuziweka kwa lugha za Kenya. Mwalimu wa gredi za chini mwenye analia ati hakuna vitabu vya lugha ya mama, hii ni yako.

Mzae naye ni kesi ingine. Haamini net. Anaamini mawingu, na anaamini mbegu ya Kenya Seed ju kampuni iko Kitale na imekuwa hapo tangu 1956, kabla yeye azaliwe. Siku moja nikamsomea kitu: ile chotara ya H611 yenye ilitoka 1964, mwanzo wa hizi mbegu za H6 zenye tunapanda huku juu, ilizaliwa Kitale kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Ecuador, Amerika Kusini. Mzae alinyamaza, akaangalia shamba, akasema, "Ndio maana inakula mbolea namna hii."

Kutoka hiyo siku ananiitanga nimfungulie KAOP, jukwaa ya hali ya anga ya KALRO, wale wa utafiti wa kilimo. Unachagua kaunti, kaunti ndogo, unashuka hadi wadi, inakuonyesha mvua na joto ya siku zenye zinakuja na ushauri wa shamba. Hapo kwa wadi ndipo ilinimaliza. Utabiri wa tivii unasema "Magharibi mwa nchi", maneno yenye inabeba Busia, Kakamega na Mlima Elgon kwa gunia moja. Huku mvua inaeza nyesha Kamukuywa na sisi tukaangaliana tu. KAOP inajua wadi ya Naitiri iko. Inakosea siku zingine, na mzae hunikumbusha hizo siku zote.

Ya pili ya shamba ni Access Agriculture. Ni video fupi za wakulima wakifundisha wakulima, kwa lugha mob, Kiswahili ikiwemo, na kuna zile unashusha zikiwa nyepesi kabisa za simu ndogo, ama unachukua sauti peke yake. Unakumbuka 2017, viwavijeshi vikaingia mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma watu wakadhani ni mwisho wa dunia? Wasee walimwaga dawa hadi ya ng'ombe. Sahi nikipita kwa shamba najua kucheki: fungua ile koni ya katikati ya mmea asubuhi mapema, angalia kama kuna unga wa kahawia, ukiona mdudu mwangalie paji la uso, kuna alama ya Y imepinduliwa, na karibu na mkia kuna nukta nne zimepangwa mraba. Ni yeye. Ukimpata akiwa mdogo unammaliza. Akishakua ameingia ndani ya koni, hata umwage dawa ya soo ngapi unamwogesha tu. Hiyo nilijifunza kwa net, na mwenye duka la dawa hakuwa na haraka ya kuniambia.

Tugeuke upande wa serikali. Juni 2024 ndipo wengi wa rika yetu walijua Mswada wa Fedha ni kitu mtu anaeza shusha kwa simu akasoma. Vijana waliuchambua, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wengine wakatengeneza programu za kuujibia watu maswali. Ukishaonja hiyo, ni ngumu kurudi kungoja mheshimiwa akuelezee kwa matanga. Saiti mbili za kuwekwa kwa simu, basi.

Ya kwanza ni Kenya Law. Sura yake ni kavu, haina rangi, ndio maana inafunguka hata kwa E. Ndani kuna Katiba, sheria zote za nchi na hukumu za korti, bure. Kwa base ya nduthi hapa kwetu hiyo saiti imemaliza mabishano mob kushinda mwenyekiti. Msee anasema, "Ati sheria inasema abiria mmoja?" Tunafungua Sheria ya Trafiki: ndiyo, mmoja, na helmeti, na jaketi ya kung'aa, nyinyi wote wawili. Akabaki ameshika kichwa ju alikuwa ametoka kubeba watu watatu na kuku. Lakini pia soma Kifungu cha 49 cha Katiba. Ukishikwa, lazima uambiwe mbio ni kwa nini, kwa lugha unaelewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama hizo saa zimeangukia wikendi. Kijana wa sokoni akijua hiyo, anaongea na karao kwa sauti ya chini na maneno machache. Na mwenye amepata kazi ya duka Kimilili ama Kitale, fungua Sheria ya Ajira ya 2007 ucheki mambo ya majaribio: miezi sita, na kuongezwa ni hadi mkubaliane. Kuna wasee wako majaribio mwaka wa tatu.

Ya pili ni Mzalendo, na hii naipenda ju ya venye ilizaliwa. Katikati ya miaka ya 2000, Bunge lilikuwa na tovuti yenye iliweka masomo na historia ya wabunge. Wengine wakaona aibu, wakapiga kelele, tovuti ikazimwa. Ory Okolloh na mwenzake Conrad Akunga wakasema haina noma, tutaweka yetu. Huyo Okolloh ndiye baadaye, 2008, alikuwa kati ya wenye walianzisha Ushahidi. Kwa Mzalendo unatafuta jina ya mbunge wako unaona amesimama kuongea mara ngapi, na alisema nini. Cheki wa Tongaren, cheki wa Kiminini, cheki seneta. Usiniulize nilipata nini. Fungua mwenyewe, na ufungue kabla ya 2027, si wiki ya kura ukishapewa lesso.

Ngoma sasa, ju nimeona mnapiga miayo. Za kushusha mbio mbio kuna Mdundo, ilianzia hapa Kenya, wengi mnaijua. Yenye hamjui ni Singing Wells. Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya London wamezunguka Afrika Mashariki tangu 2011 na studio ya kubeba, wakirekodi wazee na wamama wakicheza vyombo vyao nyumbani kwao. Skiza litungu, ile ala yetu ya nyuzi, ikiwa imerekodiwa na maiki ya maana, si ile video ya simu ya sherehe ya tohara ya Agosti yenye unaskia upepo na mlevi mmoja. Utaskia vidole.

Hao hao wa Ketebul wako na story moja inanimalizanga. 1950 mzungu mmoja, Hugh Tracey, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko upande wa Kericho wakiimba juu ya "Chemirocha". Chemirocha alikuwa ni nani? Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, yule wa gita na yodeli. Sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa santuri za gramafoni, wasichana wakampa jina na wakamgeuza kiumbe wa ajabu. Hiyo rekodi ikakaa Afrika Kusini, kwa maktaba ya muziki ya ILAM, zaidi ya miaka sitini. Singing Wells na hao wa ILAM ndio walirudisha, wakatafuta wenye walikuwa hapo ama familia zao, wakawachezea. Sahi unaipata kwa net ukiwa umekaa juu ya gunia Naitiri.

Na kama hutaki kuchagua chochote, ingia Radio Garden. Ni dunia nzima imechorwa kama mpira, kila nukta ya kijani ni stesheni ya redio. Unazungusha na kidole. Nishalala nikiskiza Zanzibar, nikaamka iko Muscat na mtu anasoma habari kwa Kiarabu. Inakula data polepole, lakini inakula, kwa hivyo usilale venye nililala.

Kuna wenye hawana bando hata ya kuanzia, hao ndio nawaandikia hii. Kuna kitu inaitwa Kiwix. Unashusha Wikipedia nzima ya Kiswahili, ile ilianza 2003 na inaandikwa na watu wa kujitolea, inakuwa faili moja kwa simu. Halafu unasoma bila net, milele. Mtu mmoja akiishusha Kitale, anaweza rushia kijiji kizima kwa Bluetooth, bila hata MB moja kwenda. Kwa base yetu msee mmoja ndiye mwenye memori kubwa, tukampa hiyo kazi: yeye ndiye ghala. Ukitaka kipindi ya Pinto, sheria ya nduthi ama hadithi ya Lubukusu, unaenda kwake na simu yako. Analipwa na soda.

Sasa hapa ndipo nawadai nyinyi. Pinto wa Nairobi ameshapigiwa story kwa Sheng na vijana wa Mathare. Elijah Masinde ni wetu, wa Maeni hapo Kimilili. Alichezea Kenya mpira kwa Gossage Cup ya 1930, akaanzisha Dini ya Msambwa, akaambia watu wakatae kazi ya kulazimishwa. 1948 polisi wakamwaga risasi Malakisi wafuasi wakafa, yeye akashikwa akapelekwa Lamu, upande ule ule Pinto angepelekwa miaka sita baadaye. Akatolewa, akaendelea kusumbua serikali hata ya mtu mweusi, akafa 1987. Natafuta podikasti yake kwa Sheng ama kwa Lubukusu, sijaskia hata moja. Na wazee wenye walimwona kwa macho wanaisha. Kurekodi hakuhitaji studio, simu yenye iko mfukoni inatosha, na kuweka sauti kwa Spotify ni bure. Kama kuka (babu) yako alimjua Masinde, ama alimwogopa, kaa naye wiki hii, bonyeza rekodi, umwache aongee. Ukimaliza, nirushie linki.